Majibu ya Bi Salma

Natamani ardhi ipasuke inimeze. Nafanya kazi maabara ya hospitali, hapa mjini Unguja. Jana aliingia mama mmoja kavaa nikabu, akaulizia majibu ya kinyama alichokatwa Bi Salma titini. Kwetu mgonjwa wa saratani hufichwa ugonjwa wake, jamaa ndio wanaotumwa kufuata majibu. Nikajua huyu dadake. Nami nimetoka kozi juzi, ujuaji umenijaa. Nikamsomesha kwamba imeonekana protini inayoyeyusha nyama za pembeni, saratani ikapata upenyo wa kusambaa mwilini.

"Lakini dadako mwenyewe asijue, bi mkubwa," nikamnong'oneza. "Atakufa kwa hofu kabla ya siku yake."

Akafunua uso taratibu.

"Dada yangu kakaa nje, mwanangu," akasema. "Salma ni mie."