Kaka Yangu Alimwambia Bintiye Afeli, Naye Akafaulu

Admin, nifichie jina. Ndugu zangu hawajawahi kumaliza kitabu hata kimoja, ila ukurasa huu wanausoma mpaka maoni ya mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, fundi cherehani hapa Kilwa Masoko. Naishi na binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili. Baba yake analima ufuta kule Likawage, na kwa kujisifu hana mpinzani.

Mtihani wa darasa la saba ulipokaribia, bwana huyu alimwita mtoto akamwambia aandike ovyo afeli, abaki nyumbani aolewe. Ndiyo akili ya wanaume wetu hiyo, wala hawaoni haya. Mtoto akafaulu. Tangu siku hiyo baba mtu haitikii shikamoo yake. Akienda likizo anamwamkia, baba anageuza uso kama kaamkiwa na mbuzi. Shuleni nako wanamcheka lafudhi, wanamwita mtu wa porini, hana hata wa kula naye mihogo wakati wa mapumziko.

Mwezi uliopita akaacha kula. Nikamuuliza bila kuzunguka kama anawaza kujiua. Akasema, "Nawaza, shangazi. Nikiondoka mimi, baba atapumzika." Nikampeleka hospitali, nesi akaniambia nisimwache peke yake, nimsikilize, na shule asiachishwe.

Nami kwa kuheshimu ukoo nikaitisha kikao. Kikao gani kile! Kaka akasema hilo ni jini, anyweshwe kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya aya, yaishe. Binamu wa mtoto huyu, lijitu zima lenye wake wawili, akadakia kwamba akifa amwachie sweta la shule. Eti mabinamu ni watani, na utani ni mila. Watu na ndevu zao wakacheka mpaka kofia zikawadondoka. Mtoto naye akacheka pamoja nao, na kicheko chake ndicho kilichonitisha kuliko yote.

Sasa kaka ametuma neno kwamba Ijumaa anakuja kumchukua, akaozwe. Mama yetu mzazi anaishi kwake, mgonjwa wa miguu, na kaka ameapa nikikataa sitakanyaga tena uani kwake. Mwanaume mzima anamfanya mama yake kuwa fimbo.

Jana mtoto alikuwa ananisaidia kutia vifungo. Akauliza bila kuinua kichwa, "Shangazi, Ijumaa utanitoa?"

Nikamwambia simtoi. Na simtoi kweli, kwa hiyo wale wa kuniambia kaka ni kama baba wapite kimya, huyo baba nimeshamwona. Nyie wenye akili ndio nawauliza: mama yangu nitampataje bila kupita kwenye mlango wa mtu yule?