Dereva Aliyeshindwa na Gemu

Mwaka 2001 nilikuwa na chumba cha gemu Makambako, karibu na stendi: runinga mbili, mabenchi matatu na mdomo wangu. Mdomo ndio uliolinda mali, maana vijana wakishindwa huipiga mashine ngumi, na gemu la rali lilikuwa linawashinda wote. Halikuwa na huruma hata chembe. Ukigonga gogo mara moja, gari limekufa na unaanza upya. Njia ya msituni, yenye ukungu na kona juu ya kona, hakuna aliyewahi kuimaliza chumbani kwangu.

Mzee Ebeneza alianza kuja mwezi wa sita, baridi ikiwa kali. Alikuwa Mbena wa Wanging'ombe, mtu wa kanisa, mpole, koti limefungwa vifungo vyote. Miaka ishirini na miwili aliendesha lori la kampuni ya umma kati ya Makambako na Songea, na hakuwahi kulipindua. Kampuni ikabinafsishwa, tajiri mpya akaja na madereva wake, naye akapunguzwa kazi. Alikaa miaka miwili shambani akisikiliza malori ya wenzake yakipita. Sasa kaka yangu Hamis alikuwa amemwahidi Fuso lake likitoka gereji, abebe viazi kutoka Tandala kule Makete, njia ambayo hajawahi kuiendesha.

"Kamwene, binti," alinisalimu siku ya kwanza. "Nasikia hapa mna magari."

"Kamwene, mzee. Yapo, ila haya hayabebi viazi."

"Nataka tu mikono isisahau kazi."

Akashika pedi ya kuchezea yenye vitufe, akaingia porini kona ya kwanza. Akarudia, akaingia tena. Wiki mbili nzima alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi alikufa palepale. "Gari hili halina uzito," alisema. Vijana walicheka mpaka nikawatoa nje, ingawa na mimi nilikuwa nacheka moyoni. Dereva wa lori anashindwa na kitoto cha gari!

Siku moja tulikuwa wawili tu, nikakaa kando yake. Kabla ya kila kona, pembeni juu kwenye kioo cha runinga ulikuwa unatokea mshale mkubwa mwekundu kuonyesha upande wa kukata. Ulitokea kulia, yeye akanyoosha, akagonga mti.

"Mzee, mbona hufuati mshale?"

"Mshale gani?"

"Huo hapo juu! Mwenye macho haambiwi tazama."

Aliinua kichwa taratibu, akaugeuza huku na huku, mpaka akaupata. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka pedi chini, na mimi nikatamani kuumeza ulimi wangu.

"Barabara ya Songea naijua kwa kichwa," alisema kwa sauti ndogo. "Kila daraja, kila shimo. Labda kwa miaka mingi sikuwa naiangalia."

Alipanda basi kwenda hospitali ya Bulongwa, na mimi nikabaki na mzigo. Fuso lilikuwa limetoka gereji, na Hamis alishampa funguo. Kwa siku nne nilijiuliza kama nimwambie kaka yangu. Niliogopa kumnyima mzee kazi, na niliogopa zaidi ile njia ya Makete yenye mabonde na ukungu. Sikusema. Mpaka leo najilaumu kwa siku zile nne.

Aliporudi alinikuta nafagia. "Ni presha ya macho," alisema. "Naona mbele tu, pembeni kumepotea, na kilichopotea hakirudi. Wamenipa dawa ya kulinda kilichobaki. Usimwambie mtu, binti. Mke wangu akijua, ataanza kunishika mkono mbele ya usharika mzima."

Akaenda kwa Hamis kurudisha funguo. Hakutaja macho. Alisema Fuso lile ni mkweche, na yeye hawezi kujidhalilisha kuendesha mkweche. Kaka yangu alikasirika, akalitangaza jambo hilo stendi nzima: Ebeneza ana maringo, amezoea magari ya serikali. Tangu hapo hakuna mwenye lori aliyemtafuta tena. Aliyasikia yote na hakujitetea. Aliendelea kuja kwangu, anakaa benchi la mbele kabisa, anagonga mti uleule.

Kisha siku moja ya soko mkewe, Fidelia, akaingia chumba kikiwa kimejaa.

"Wewe Safina! Gemu lako limemharibu mume wangu. Kazi ameikataa, watoto wamefukuzwa shule kwa kukosa ada, na yeye anashinda hapa kuchezea vitufe kama hana akili!"

Watu wote waligeuka kunitazama. Walinijua, hakuna aliyewahi kunitukana mlangoni kwangu akaondoka salama. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Nikamtazama Mzee Ebeneza. Hakugeuka, aliendelea kubonyeza vitufe wakati gari lake limeshakufa mtini.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Ni kosa langu. Nilimzoesha vibaya. Kuanzia leo asikanyage hapa tena."

Mzee aliinuka bila kuniangalia. Mlangoni alisimama, akaitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu mpaka akaipata. Fidelia alishatangulia, analalamika kwa sauti kubwa bila kutazama nyuma, na mumewe akawa anaifuata ile sauti katikati ya watu wa soko.