Wikio la Mkomani

Nikiulizwa nipendacho zaidi katika mila za kwetu Lamu, nasema wikio: kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro na kuunga nyumba mbili. Mama zetu walitembeleana humo bila kushuka ndiani, kule chini kichochoroni, na futari ilifika ingali moto.

Letu la mtaa wa Mkomani mchwa walikuwa wamekula boriti zake. Ami yangu mwenye nyumba alijua. Kwa sababu ya harusi ya mwanawe, alimwita fundi azizibe kwa chokaa zisionekane. Nawataja wote wawili, ami na fundi wake, kwa yaliyofuata.

Alasiri moja ya Ramadhani mama alitangulia na sinia, mimi nyuma na bakuli la uji. Nikasikia sakafu ikilia chini yake.

"Usiye, mwanangu! Rudi nyuma!"

Nilitaka kumshika mkono, miguu ikakataa. Mama akazama mbele ya macho yangu.

Alivunjika nyonga, hakutembea tena. Ami alipokuja kumtazama alisema, "Shemeji, nawe umezidi kunenepa."

Leo wikio limejengwa upya, na binti yangu hulivuka mbio, akicheka. Mimi husimama mlangoni, pumzi nimeizuia, nisithubutu hata kumwita mpaka afike ng'ambo.