Siku Tuliyorudi Nyuma Kwenye Lagha

Nilipohamishiwa Garissa kufundisha, nilikuwa na leseni ya udereva lakini sikuwa dereva. Nilikuwa nimepita mtihani kwetu Embu miaka mingi kabla, nikaitia leseni mkobani, na usukani sikuugusa tena. Aliyenifanya dereva ni jirani yangu, mjane wa Kisomali aliyefanya biashara ya maziwa ya ngamia. Watoto wote wa ploti yetu walimwita eddo, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo ingawa hakunizidi sana kwa umri.

Eddo alikuwa na pikapu nyeupe iliyochakaa milango, na aliiendesha mwenyewe. Nasikia mwanzoni wazee fulani sokoni walimsema, kisha wakazoea. Kila wiki alikwenda Habaswein, akapokea maziwa kutoka kwa wafugaji, akayaleta kwa kina mama wanaoyauza sokoni Garissa. Jioni ambazo hakuwa safarini, alinichukua hadi uwanja mtupu nyuma ya shule, akashuka, akazunguka upande wa abiria na kuniambia, "Mwalimu, endesha. Bole bole," yaani polepole kwa matamshi yake.

Hakunifundisha mambo ya injini wala gia, hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilichojifunza kwake ni namna ya kukaa barabarani na watu wengine. Na Garissa hapo pana kazi. Bodaboda wanakujia upande wako kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Bajaji inakunja kona bila kuonyesha taa, halafu dereva anatoa mkono nje baada ya kukunja, kama anayekupa habari za jana. Mtu akimwona binamu yake ng'ambo ya barabara, anasimamisha gari palepale katikati, anashusha kioo, na salamu zinaanza: habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua. Nyuma yao honi zinalia mpaka masikio yanauma.

Eddo hakupiga honi. Siku ya kwanza aliyonipeleka mjini, tulikuta Probox mbili zimesimama hivyo, madereva wakiongea. Nilinyoosha mkono kwenye honi, akaushika.

"Honi ni ya mbuzi," akasema. "Mtu unamwambia."

Akashusha kioo, akatoa kichwa, akawasalimu kwa Kisomali. Wakamwitikia. Akaongeza maneno mawili matatu, wale wanaume wakacheka, kila mmoja akaondoa gari lake. Nilimuuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia wasalimie watu wao kwa niaba yangu pia, lakini wakiwa kando ya barabara."

Nilimpenda kwa jambo hilo. Lakini kumjua hasa, nilimjua siku ya lagha.

Ilikuwa msimu wa mvua. Mwalimu mwenzangu alikuwa amehamishiwa Habaswein, nami nikaenda kumsaidia kupanga nyumba. Kurudi, nikapanda na Eddo. Nyuma ya pikapu alikuwa amepanga jerikeni za maziwa, akazifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ili zisishike joto. Kila tuliposimama, aliyamwagia magunia maji tena, akipapasa jerikeni kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Hii maziwa ikikaa sana kwa jua, inageuka," aliniambia. "Leo lazima tufike mapema."

Tulipita Modogashe vizuri. Kisha, katikati ya nyika, tukakuta magari yamesimama. Mbele kulikuwa na lagha, mmoja wa ile mikondo inayokaa mchanga mtupu mwaka mzima, halafu mvua ikinyesha huko juu, inajaa maji kwa saa chache na kukata barabara. Maji yalikuwa mekundu, yakibeba vijiti na majani, lakini yalikuwa yakipungua. Watu walisema yakishuka kidogo tu, magari yataanza kupita moja moja.

Tukapanga foleni upande wetu wa kushoto, kama inavyotakiwa. Mbele yetu kulikuwa na malori na gari moja la serikali lenye vioo vyeusi. Tungengoja kwa utaratibu, sote tungevuka. Lakini kijana mmoja wa Probox hakuweza kungoja. Alitoka nyuma, akapita foleni yote kwa upande wa kulia, akaenda kusimama mbele kabisa kando ya lori la kwanza. Mwingine akamfuata, kisha mwingine. Hiyo ndiyo tabia ambayo madereva wetu wanaiita ovalapu. Kwa muda mfupi upande wa kulia nao ukawa foleni, na waliokosa nafasi wakaingia vichakani wakatengeneza foleni ya tatu. Nikatazama ng'ambo ya maji. Wenzetu wa huko walikuwa wamefanya vilevile. Tulitazamana ukuta kwa ukuta, na katikati maji.

Dereva wa lori la mbuzi lililokuwa la kwanza kwenye foleni yetu ndiye aliyekamilisha balaa. Alipoona maji yamefika kiasi cha kuvukika, akaingia. Akaenda vizuri mpaka ukingo wa pili, na hapo akakosa pa kupandia, maana ukingo mzima ulikuwa umejaa magari yanayomtazama usoni. Akasimama, magurudumu ya nyuma bado majini, mbuzi wakilia. Watu wakaanza kupiga kelele pande zote mbili. Kila mmoja alimwambia mwenzake arudi nyuma, na hakuna aliyeweza, kwa sababu nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mwingine.

Hapo sauti ikapazwa kutoka ng'ambo, ikarudiwa na watu kwa Kisomali mpaka ikatufikia. Eddo akasikiliza, akasema taratibu, "Inna lillahi."

"Nini?" nikauliza.

"Huko nyuma ya hao kuna gari ya janaza. Wametoka na maiti hospitali ya Garissa. Wanataka wamzike kwao kabla ya magharibi."

Aliangalia jua, akaangalia magunia yake yaliyoanza kukauka. Kisha akafungua mlango.

"Mwalimu, wewe shika gari. Mimi nashuka."

"Eddo, mimi siwezi kurudi nyuma hapa!" Kulia kulikuwa na basi, kushoto mtaro, na nyuma yangu lori la nyanya.

"Utaweza. Nikikupungia mkono, rudi. Usiangalie watu, angalia kioo."

Nilidhani atakwenda mbele, kwenye kelele. Hakwenda. Alikusanya ushungi wake, akatembea kuelekea mkia wa foleni, mpaka sikumwona tena kwenye kioo. Baadaye waliokuwa huko walinieleza alivyofanya. Alimwendea dereva wa mwisho kabisa, akamsalimu, akamuuliza anatoka wapi, akamwambia habari ya maiti, akamwomba arudi nyuma na kuingia kando ya barabara. Yule hakuwa na sababu ya kukataa, nyuma yake palikuwa wazi. Akaja kwa wa pili kutoka mwisho, naye sasa alikuwa na pa kurudi. Hivyo hivyo akaja akipanda, gari kwa gari, na kila aliyetii alishuka akamfuata, mpaka nilipomwona tena alikuwa na kundi la wanaume nyuma yake, wengine wakiwaelekeza madereva kwa mikono.

Alipolifikia lori la nyanya, nalo likaondoka nyuma yangu, akanipungia. Nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikaangalia kioo. Mtu asiyenijua alikuja akagonga ubavu wa pikapu kwa kiganja, "Rudi, rudi, mama, rudi, kata kidogo, rudi!" Jerikeni ziligongana. Tawi la mgunga likakwaruza mlango kuanzia mbele hadi nyuma, nikafumba macho kwa aibu, kisha nikasikia, "Hapo hapo! Simama!" Nilikuwa nje ya barabara, salama, kwenye mchanga mgumu. Nilikaa hapo nikicheka peke yangu.

Waliobaki ni wale wa mbele, na hao ndio walikuwa wagumu. Nilishuka nikamfuata Eddo. Alianza na gari la serikali. Kioo kilishuka nusu. Ndani alikuwepo afisa mmoja, mtu wa bara kama mimi, amechoka na safari.

"Mama, mimi niko kazini," akasema kabla hajaulizwa.

"Mzee, mimi pia niko kazini," Eddo akamjibu, bila ukali wowote. "Huyu amekufa ndiye amemaliza kazi. Anataka kwenda nyumbani tu."

Yule afisa alimtazama. Kisha akamwambia dereva wake arudishe gari, yeye mwenyewe akashuka na viatu vyake vizuri, akaingia matopeni, akaanza kuelekeza malori kwa kofia yake. Na alijua kuelekeza. Sauti yake ilifika mbali.

Alibaki kijana wa Probox, wa kwanza kutoka foleni. Alikuwa amezima gari, shavu limejaa miraa, mikono ameikunja kifuani.

"Mimi nikirudi, watu watachukua nafasi yangu," akasema. "Nimekuwa hapa tangu kitambo."

Watu wakaanza kumtukana, kwamba yeye ndiye aliyeleta haya yote. Eddo akawanyamazisha kwa kuinua mkono. Akainama dirishani kwake.

"Walaal, ndugu yangu, hakuna mtu atachukua. Mimi nitakupa nafasi yangu. Wewe utapita, halafu mimi."

"Wewe uko na maziwa, mama."

"Naam. Sasa unaona ni nafasi nzuri nakupa."

Kijana akacheka bila kupenda, na alipocheka yakawa yameisha. Akawasha gari, akarudi. Barabara upande wetu ikabaki upana mzima, tupu, mpaka majini.

Wa ng'ambo waliona. Hatukuhitaji kuwaambia neno. Dereva wa basi kubwa lililokuwa mbele yao akaanza kurudi, na kule nyuma yake wakaanza kufunguka kama sisi. Lori la mbuzi likapanda ukingo likinguruma, maji yakimwagika magurudumuni, watu wakapiga makofi.

Halafu makofi yakakoma, kwa sababu gari la janaza lilikuwa linakuja. Lilikuwa Land Cruiser ya wazi nyuma, wanaume wameketi pande zote, na katikati yao maiti iliyofunikwa kwa mkeka na shuka ya kijani. Liliingia majini polepole. Upande wetu madereva walizima injini, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikawa nasikia maji yakipita. Waliokuwa wamekaa walisimama. Waislamu walikunjua viganja wakaomba dua. Yule afisa alikuwa ameshika kofia mkononi. Mimi nilifanya ishara ya msalaba, na mzee aliyekuwa karibu yangu akanitikisia kichwa kwa heshima. Gari lilipotupita, dereva wake, kijana mwenye macho mekundu, aliinua mkono mmoja na hakuushusha mpaka alipomaliza foleni yetu yote.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukimbilia mbele. Lilipita gari moja la kwao, moja la kwetu. Aliyetaka kujichomeka aliulizwa na wenzake kama hakuwepo wakati ule, naye akangoja. Kungoja kulikuwa kurefu. Watoto wa kwenye basi walikuwa wakilia kwa njaa, Eddo akafungua jerikeni moja, akaomba kikombe kwa utingo, akawanywesha. Kisha akawapa mama zao, kisha yeyote aliyekuja na kikombe. Nilimuuliza kama hahurumii mali yake.

"Itageuka tu," akasema. "Heri igeuke ndani ya tumbo ya watu."

Tulivuka jua likiwa limelala. Kijana wa Probox alikuwa amepita mbele yetu kama alivyoahidiwa. Sokoni Garissa kina mama walikuwa wamengoja hadi wakakata tamaa, wengine wameshaondoka. Walifungua jerikeni, wakanusa, wakazitenga: hizi nzuri, hizi zimechacha. Zilizochacha zilikuwa nyingi. Eddo hakueleza kisa chochote. Alisema tu lagha ilijaa, wakagawana hasara wakisaidiana kubeba, na waliopenda maziwa ya kuchacha wakaitwa.

Mkwaruzo mlangoni aliuona palepale. Aliupitisha kidole, akaniambia sasa gari ina alama ya mwalimu.

Tukiwa njiani kuelekea nyumbani, nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni tangu mchana. Kati ya madereva wote pale, yeye ndiye ambaye mali yake iliharibika kwa kila dakika iliyopita. Kwa nini alitoa nafasi yake, tena kwa mtu aliyetukosea?

Alipunguza mwendo kumpisha bodaboda aliyekuwa akija upande wetu bila taa, akamwashia taa zetu ili aone njia.

"Mimi napita hiyo barabara kila wiki," akasema. "Hao watu wote nitakutana nao tena. Siku moja mimi ndiye gari yangu imezima, na mimi ni mwanamke peke yangu. Sitaki wanikumbuke kwa ubaya." Kisha akaongeza, "Na yule kijana, wewe hukumwona? Alikuwa anaogopa maji. Ndio sababu alikaa mbele hapo na hakuingia."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilimtazama yeye tu, mikono yake imetulia kwenye usukani, ushungi una matope hadi mabegani, nikashukuru kwamba katika watu wote wa mji huu, huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha. Yeye hakuwa na habari na mawazo yangu. Aliniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi, na nilipomwambia sijala, akakunja kona kuelekea mahali wanapouza mbuzi wa kuchoma, baada ya kuonyesha taa mapema, ingawa nyuma yetu hapakuwa na mtu.