Kabla Mbolea Haijapoa

Kazi ya kuzoa banda la kuku wa nyama huko Area 18, Lilongwe, niliipata kwa sababu wengine waliikataa. Kuku walikuwa wameuzwa wote kwa mara moja, na sakafuni yalibaki maranda ya mbao yaliyoshikana na kinyesi, unene wa kiganja kizima. Nilijifunga kitambaa puani nikakwangua kwa koleo siku mbili. Mwenye banda alitaka magunia yote yatupwe. Nikamwomba manne. Akacheka, akaniuliza kama sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka tunakula hata hiyo.

"Mboga ndizo zinazokula," nikamwambia. "Sisi tunakula mboga."

Akaniongezea la tano.

Nilikuwa na sababu ya kuvumilia uvundo ule. Majuma mawili kabla ya hapo, mama mmoja aliyekuwa akiimba kwaya na mama yetu kule Bukavu, Kongo, na ambaye ndiye aliyetuvusha mipaka yote hadi Malawi, alikuja kukaa mlangoni petu na kunieleza jambo. Mume na mke wa kanisa letu, Wanyarwanda wasio na mtoto, walikuwa wanahamia Chinsapo, mjini Lilongwe, kufungua duka la ushonaji. Walitaka kumchukua mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa na miaka mitano na kifua kilikuwa kikimbana. Kwetu alikula nsima, ugali wa huku, na maharage ya mgao, na mgao ukiisha, nsima na chumvi.

"Si kuuza mutoto," alisema. "Ni kumupatia maisha. We mwenyewe uko mutoto."

"Mi niko na miaka kumi na nane, mama."

"Kumi na nane, na masomo uliacha. Utamupatia nini?"

"Mboga."

"Mboga ya wapi? Nyuma ya nyumba yako hata jani moja haiko."

"Ngoja mvua ianze. Ukikuja ukute hakuna mboga, nitamufungia manguo yake mi mwenyewe."

Akakubali. Alipoondoka, mdogo wangu wa katikati, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na ndiye niliyemwachia nafasi ya shule, aliniuliza ni nani aliyenifundisha kulima. Nikasema mama. Akarudi kwenye daftari lake.

Ardhi niliipata bondeni chini ya kambi. Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa na dimba, yaani shamba la majimaji linalolimwa kiangazi, akaniachia matuta sita kwa sharti kwamba nimsaidie kumwagilia ya kwake. Nilipandikiza miche ya kabichi kwenye manne, nyanya kwenye mawili. Magunia yaliletwa moja moja na mwendesha kabaza, yaani baiskeli ya kukodi. Kila alipotua gunia alisema limemchoma mgongo. Nilidhani anataka nimwongeze.

Kwetu Bukavu, mama alikuwa na kuku sita na migomba mitatu kwenye uwanja wetu mdogo ulioning'inia mlimani. Kila asubuhi alizoa kinyesi kwa kipande cha bati akakitupa moja kwa moja kwenye mashina ya migomba, kingali kibichi. Hayo ndiyo yote niliyoyajua juu ya mbolea. Nilikumbuka mikono yake inavyotupa, na jinsi alivyokung'uta bati mara mbili kwenye jiwe. Nilifanya vilevile. Nilizunguka kila mche, nikauwekea konzi yake shinani, na nilipofika kwenye gunia la tatu niliuingiza mkono hadi kiwiko.

Ndani kulikuwa na joto. Halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la kitu kinachopumua, na lilinipanda mkononi hadi nikakaa chini.

Siku ile ya Bukavu ilikuwa mchana, baada ya kula. Baba alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa mwaka mmoja kabla. Mama aliwaona watu wenye bunduki wakipanda njia, akatusukuma watatu ndani ya banda la kuku, chini ya miti wanayolalia, akaniwekea mtoto mchanga kifuani. "Mushike," alisema. "Asilie." Tukalala juu ya kinyesi cha wiki nzima. Kilikuwa na joto lile lile. Nilimsikia mama akiwakaribisha mlangoni kwa sauti ya heshima, kama mtu anayepokea wageni wa kanisani, akiwaambia nyumbani hakuna mtu mwingine. Mtoto alifungua kinywa. Nikakifunika kwa kiganja, na kiganja changu kilikuwa kimejaa kile tulichokilalia. Alitikisika. Sikuondoa mkono. Sauti ya mama ilipokatika sikuuondoa pia.

Majirani ndio waliotutoa. Walituzuia tusiingie ndani.

Siku ya nne baada ya kutia mbolea, kingo za majani ya kabichi zilikuwa kahawia, siku ya saba miche yote ilikuwa imelala. Nyanya zilisimama siku mbili zaidi kisha nazo zikakubali. Mwenye dimba alikuja na ndoo zake, akatembea kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho, halafu akang'oa mche mmoja akanionyesha mizizi yake, myeusi kama nywele zilizoungua.

"Achemwali," aliniita kwa Kichewa, yaani dada, "watu huchuma mboga kwanza ndipo huzipika. Wewe umezipika zikiwa bado shambani."

Nikamweleza habari ya mama na migomba. Alipomaliza kucheka alisema mgomba ni kama mume wake, hupokea chochote, lakini kabichi ina tumbo la mtoto. Kinyesi cha kuku ni kikali kuliko cha ng'ombe na kile cha mbuzi. Lazima kipoe. Alinifanya nilundike magunia yaliyobaki, ninyunyizie maji, nifunike kwa nyasi, na nichomeke chuma katikati. Kila baada ya siku chache nilipaswa kukichomoa na kukishika. Kikitoka cha moto, nipindue lundo na kungoja. Gunia moja tulilifunga mdomo, tukalizamisha kwenye pipa la maji kwa jiwe, likae wiki mbili. Maji yake ningeyachanganya na maji mengine hadi yafanane na chai ya mtu maskini.

Nilihesabu miezi iliyobaki kabla ya mvua. Ilitosha kwa kupanda mara moja tu.

Kwa hiyo nikangoja, na kungoja kulikuwa kubaya kuliko kazi. Kila nilipochomoa chuma na kukishika, nilikuwa tena chini ya ile miti ya kuku. Niliogopa siku ambayo kingetoka cha baridi kama nilivyoogopa siku za moto, na sababu yake sikuijua.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa msemaji. Alisema na mbuzi wa watu, alisema na sufuria. Aliponyamaza ghafla, nilikuwa naacha nilichokishika na kwenda kumtazama mdomo. Vumbi la magunia lilimfanya akohoe, kikohozi cha filimbi, na mdogo wangu wa katikati hakukanyaga shambani hata mara moja. Nilidhani ni uvivu wa watu wa shule. Jumamosi moja, tukiosha vyombo, nilimtania kwamba mikono yake imeumbwa kwa kalamu tu.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, bila kuinua macho, "we hausikiye ile harufu? Njo ile ile ya banda."

"Ninaisikia."

"Sasa unaishikaka namna gani?"

"Juu hatuna ingine."

Akasugua sufuria moja kwa muda mrefu sana. Kisha akasema kwamba siku ile aliona mkono wangu. Alidhani mtoto amekufa. Alitaka kunibandua vidole na hakuthubutu. Tulikuwa tumekaa miaka mitano bila kulitaja jambo hilo, na baada ya kulitaja tuliendelea kuosha.

Chuma kilitoka cha baridi. Nilipanda upya, kabichi na lengalenga, mchicha wa kwetu, nikaichanganya mbolea na udongo mbali na mizizi, na kila wiki nikamimina ile chai. Mboga zilishika rangi ya kijani kizito, karibu bluu. Tulianza kula lengalenga, halafu kuuza mafungu machache pale kambini, na mtoto akaongezeka shavu. Kukohoa hakuacha.

Mama wa kwaya alikuja na wale mume na mke mawingu yalipoanza kujikusanya. Tukashuka wote bondeni, hata mdogo wangu wa katikati. Mke alikuwa mtu mpole. Alikuwa amemshonea mtoto gauni la maua, akamshika mkono njia nzima akimsikiliza. Mama wa kwaya alipita kati ya matuta akigusa kabichi kwa ncha ya kiatu.

"Kweli mboga iko," alisema. "Lakini mboga haiponyeshe kifua."

Kana kwamba ameitwa, mtoto akakohoa. Yule mke akachuchumaa, akamsugua mgongo, akaniuliza kwa upole, "Hiki kifua kilianza lini?"

Ningeweza kusema ni vumbi la njiani. Nilikuwa nimelisema hilo kwa watu wengi.

"Kilianza kwenye banda ya kuku," nikasema. Nikaeleza yote, mtoto mwenyewe akisikia, kwa sababu kama wangemchukua, ilibidi wachukue na hilo.

Mtoto alinisikiliza kama hadithi ya mtu mwingine. "Nilikuwa nalia?" akauliza.

"Ulitaka kulia."

"Na mama alikuwa wapi?"

Mdogo wangu wa katikati ndiye aliyejibu. "Alikuwa anaongea na bageni."

Yule mke alikuwa bado amechuchumaa. Mume wake alimwita kwa Kinyarwanda, mara moja, sauti ya kuonya.

"Wangu alilia," alisema.

Tulijua kwamba wao walipita msituni, Kongo, miaka mingi kabla yetu, wakiwakimbia watu wenye bunduki. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Alisimama, akakung'uta magoti, akamwambia mama wa kwaya kwamba mtoto huyu abaki na mtu aliyeweza kumnyamazisha. Gauni alimwachia. Mume alichuma kabichi mbili nilizompa, akazishika kwapani kama mtu asiyejua afanye nini na mikono.

Waliondoka kwenda Chinsapo kabla mvua haijatulia, wawili kama walivyokuja. Sijui kama yule mke nilimshinda au alinihurumia.

Sasa mdogo wetu wa mwisho ni msichana wa sekondari, mrefu kunipita, na kifua kimepungua bila kuisha. Ananisaidia kiangazi, yeye na ndoo mbili. Hakumbuki chochote, kwa hiyo huuliza kama mtu anayedai urithi wake. Mwaka jana aliniuliza nilimziba mdomo kwa muda gani.

Nikamwambia, labda muda wa kumwagilia tuta moja.

Alimwagilia tuta moja, polepole, akihesabu. Kisha akasema si muda mrefu, Yaya, mtu anaweza. Nikasema ndiyo, mtu anaweza. Yalikuwa yamebaki matuta matano, na hata yote sita yasingetosha muda ule. Akaenda mtoni kujaza ndoo, nami nikabaki nimesimama hadi nikasikia anaanza kuimba.