Fyuzi Kwenye Leso ya Mikayi

Ndugu yangu Elkanah alifanya kazi mgodini miaka sita, na miaka yote sita alishika ngazi. Fundi wa stima alipanda, Elkanah akashika. Fundi akashuka, Elkanah akaibeba. Mgodi wa dhahabu ulipofungwa alirudi Migori na bisibisi kwenye mfuko wa shati, akajitambulisha kwa kila mtu kuwa fundi wa stima. Sikumpinga. Mimi Leonida ni dada yake, na bisibisi kwa kweli alikuwa nayo.

Baba yetu alikuwa mvuvi wa Karungu, lakini Elkanah aliogopa maji. Alianza kutapika kabla mtumbwi haujasukumwa ziwani. Kwa hiyo stima ikimkataa, kilichobaki ni kurudi kuvuta nyavu na kuchekwa na watoto. Nilimhurumia, nikamwombea kazi kwa mume wangu.

Mume wangu Jared alikuwa na mashine ya kusaga unga, na mwaka huo wa 1967 alinunua dainamo kutoka mgodi uleule, ili injini inayosaga mahindi itupe na taa. Tulikuwa wake watatu: Zilpah, ambaye kama mke wa kwanza tulimwita Mikayi, mimi, na Awino, mdogo wetu. Jared alimpa fundi sharti moja tu.

"Shemeji, stima ipite kwa Mikayi kwanza. Halafu kwa Leonida. Halafu kwa Awino. Hii boma iko na mpango."

Fundi mwenye akili angeuliza swali. Wangu alisema, "Hiyo ni kitu kidogo."

Na kweli alitii. Waya ulitoka kwenye dainamo, ukaingia kwenye globu ya Zilpah, ukatoka, ukaingia kwenye yangu, ukatoka, ukaingia kwa Awino, ndipo ukarudi ulikotoka. Heshima ilizingatiwa. Siku ya kuwasha, mchungaji aliomba kwa muda mrefu sana, Jared akabonyeza swichi, na globu tatu zikawaka wekundu wa makaa yanayokufa. Ilibidi tuwashe koroboi ndipo tuzione vizuri.

"Nguvu ni moja, imegawanywa kwa watatu," Elkanah alieleza, kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Zilpah alisema mimi na Awino tunamnyonya kutoka chini. Alizima swichi yake kwa hasira, na nyumba zote tatu zikaingia giza. Akaiwasha tena, akachungulia nyumba zetu, akaizima. Tangu siku hiyo, kila Jared alipokwenda kula kwa Awino, Mikayi alishikwa na usingizi mzito saa moja ya jioni.

"Kwani nikilala, niache taa ya nini?" aliuliza.

Jared alikula samaki gizani mara tatu. Mara ya tatu mwiba ulimkwama kooni. Kesho yake alimwita Elkanah akampa mpaka Jumapili: taa ziwake sawasawa, au ataleta fundi kutoka Kisumu na Elkanah arudi Karungu.

Elkanah alikwenda mbio Homa Bay kwa Masese, mtu aliyetunza jenereta ya ofisi moja ya serikali. Masese alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachora mchangani kwa kijiti.

"Wewe umefanya mama watatu wapokezane debe moja la maji. Mmoja akikataa kupokea, wote wanalala na kiu. Pitisha waya mbili kubwa kutoka kwa dainamo, halafu kila nyumba ijichotee hapo na waya mbili zake. Stima haijui bibi mkubwa ni nani."

Halafu akaacha kucheka. "Na sikia. Swichi inakata waya unaoleta moto, si ule unaorudisha. Na kabla hujagusa kitu, simamisha injini, ng'oa fyuzi, tia mfukoni. Globu ikizimika, hiyo si ushahidi kwamba waya hauna moto."

Elkanah aliitikia yote. Alilokumbuka ni lile la kwanza.

Alianza kazi Jumamosi, siku ya soko. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao, na Jared hakutaka kusikia habari ya kusimamisha injini. Elkanah hakubishana naye. Anayeshika ngazi miaka sita hajifunzi kubishana. "Mikayi, zima swichi!" aliita. Zilpah hakuhitaji kuombwa mara mbili. Globu zikazimika.

"Imekufa," alisema fundi wetu, akapanda ukutani kwangu. Safari hii ngazi niliishika mimi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mabati yenye maji, mwingine akaupeleka kwenye waya.

Kumbe tangu siku ya kwanza alichanganya waya. Swichi ya Zilpah ilikata ule unaorudisha, na moto wenyewe ulikuwa ukianzia kwa Awino, mke wa mwisho, ukingoja njia ya kutokea. Njia ikawa ndugu yangu.

Hakupiga kelele. Ngazi ilianza kutetemeka, meno yake yakagongana, mkono ukaung'ang'ania waya. Nilinyoosha mkono nimshike mguu nimvute.

"Usimguse! Leonida, usimguse!"

Zilpah alitoka nyumbani kwake na mchi wa kutwangia, mkavu, akaupiga mkono wa ndugu yangu kwa nguvu zake zote. Elkanah akaanguka miguuni pangu, akavuta pumzi. Nililia kama mtoto.

Jioni nilimuuliza alijuaje. "Si ndugu yako alisimulia? Yule mtu wa mgodini aliyenaswa, na mwenzake aliyemshika wakanaswa wote, mpaka wakapigwa na ubao mkavu." Elkanah alitusimulia hayo mara mia, nasi tukipiga miayo. Aliyesikiliza ni yule aliyekuwa akisonya. Nilimpenda mwanamke huyo kwa mara ya kwanza, na iliniudhi.

Jared hakutaja Karungu tena. Baada ya wiki mbili Elkanah alirudi kazini, vidole viwili vimepinda, na safari hii alibishana. Injini ilisimama, wanawake wa unga wakamtukana, naye akafunga waya kama alivyochorewa. Sasa taa zinawaka nyeupe. Zilpah akizima yake, zetu hazina habari. Alijaribu jioni nne mfululizo, kisha usingizi wa mapema ukamtoka wenyewe.

Lakini Elkanah hapandi ngazi katika boma hili kabla hajang'oa fyuzi, kile kigae cheupe chenye waya mwembamba ambao stima yote hupitia, akampelekea Mikayi kwa mikono miwili. Zilpah huifunga kwenye kona ya leso yake, akaendelea kuchambua mboga bila haraka, na sisi sote, Jared mwenyewe akiwamo, tunamngoja.