Mjane Tuliyemkuta Ghubani

Nilizaliwa Guta, karibu na Bunda, upande wa mashamba. Kutoka kwetu ziwa lilionekana chini kule kama bati jipya, na mama alitukataza kulisogelea. Sisi tulikuwa watu wa pamba na ng'ombe. Wavuvi tuliwajua siku za mnada tu, tena kwa harufu kabla ya sura. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye mashua ya utafiti pale Musoma, baba aliuliza jambo moja tu.

"Inaendeshwa na nini?"

"Na upepo, baba."

"Basi ni kama hakuna anayeiendesha," akasema, akainuka kwenda kufunga ndama.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni tulichemsha wenyewe kwa majivu, chai tulikunywa kavu, na ukipata dawa ya homa zahanati ulijiona mtu mwenye bahati. Boti za injini zilikaa gatini Musoma zikila kutu kwa sababu dizeli haikuwepo. Ndiyo maana mashua yetu ilikuwa na thamani kubwa. Alikuwa ameijenga mzungu mmoja mzee aliyekusudia kuzunguka nayo ziwa lote. Afya ikamshinda, akarudi kwao akaiacha kwa watu wa utafiti wa samaki. Ilikuwa na matanga mawili ya turubai, jiko la mkaa lililofungwa kwa minyororo lisipinduke, na paneli ya jua iliyochaji betri ya redio na ya taa moja. Mvua ikinyesha, maji yalitiririka kwenye tanga kubwa, yakashuka kwenye mfereji wa kitambaa mpaka pipani. Ziwa lenyewe hatukulinywa. Tuliweza kukaa nje wiki nyingi bila kumwomba mtu kitu.

Tulikuwa watu watatu. Nahodha alikuwa Mjita, mzee wa kanisa la Wasabato, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Jumamosi hatukung'oa nanga hata upepo uwe mzuri kiasi gani. Kiongozi wetu tulimwita Dokta. Alikuwa mwanamke wa Tanga, msomi wa samaki, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka mimi na nahodha tukaona haya kufungua midomo. Mimi, msichana wa mashamba, kazi yangu ilikuwa kupika na kuchambua samaki.

Samaki wenyewe walikuwa furu, wale wadogo wa rangi rangi ambao watoto huvua kwa ndoana ya pini. Tangu sangara waongezeke, furu walikuwa wakiisha, na Dokta alitaka kujua wapi wamebaki. Aliniambia wapo ambao hawajapewa hata jina na mtu yeyote. Nilipoanza, wavu ulikuja umejaa: wekundu, wa kijani, weusi wenye pezi la njano. Nikawatia kwenye chupa za fomalini, na rangi zikafifia mbele ya macho yangu mpaka wote wakafanana. Msimu uliofuata tulirudi sehemu zile zile. Tulivuta wavu kutoka kwenye miamba ya kisiwa ambacho mwaka uliotangulia kilitujazia chupa zote, ukaja mtupu, safi kama uliofuliwa. Tukautupa tena, ukaja vile vile. Chini ya mashua kulikuwa na kitu kilichokuwa kimejaa na sasa kimekuwa kitupu, nasi tulielea juu yake tukinywa uji. Tangu siku hiyo niliacha kuning'iniza miguu majini.

Safari ninayoisimulia tulizunguka rasi ya Wajita, tukaingia Ghuba ya Speke. Usiku ule palikuwa na mvua ya radi na upepo mkali, tukajibanza nyuma ya kisiwa kimoja cha mawe. Asubuhi tulipong'oa nanga upepo ulitupeleka mpaka katikati ya ghuba, kisha ukakatika.

Nimeona shwari nyingi, lakini ile haikufanana na nyingine. Matanga yalilala kwenye mlingoti. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na yalitoa harufu ya tope la zamani, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka. Ndege hawakuwepo hata mmoja. Hata minandi, ambao siku zote walitufuata kwa ajili ya matumbo ya samaki. Halafu samaki wakaanza kupanda juu. Kwanza sangara wakubwa, wakifungua na kufunga midomo juu ya maji kama watu wanaotaka kusema. Wakageuka ubavu. Baada yao sato, ningu, na vidagaa wasiohesabika, mpaka tukawa tumezungukwa na matumbo meupe kila upande.

"Maji ya chini yamepanda," Dokta alisema, akishusha kipimo chake. "Hayana hewa. Radi na upepo wa usiku vimeyavuruga." Alisema vizuri, lakini niliona ameshika kamba kwa mikono miwili.

Nahodha alivua kofia. "Nilishaonaga mara moja, nikiwa kijana. Tusubiri upepo."

Upande wa kusini wingu la wadudu wa ziwani lilikuwa limesimama kama moshi wa shamba linaloungua. Lilikuja polepole, ingawa upepo haukuwepo, likatufunika. Tulijitanda khanga na mashuka usoni. Ndani ya wingu lile, pasipoonekana hata ncha ya mashua, tukasikia mtu anaita.

"Jamani! Wenye mashua!"

Sauti ya mwanamke. Dokta akafungua mdomo ajibu, nahodha akamgusa bega.

"Mama, ngoja aite tena. Kwetu huku ziwani sauti ya kwanza hatuijibu."

Tukangoja. Wadudu waliingia masikioni. Sauti ikaja tena, karibu zaidi, nayo haikuwa na haraka wala hofu. "Wenye mashua, mna maji ya kunywa? Tuko wawili."

"Karibu, mama!" nahodha akajibu sasa. "Fuata sauti yangu!"

Mtumbwi ukatokea ukisukuma samaki waliokufa kwa pua yake. Mwanamke wa umri wangu, labda mkubwa kidogo, alikuwa akipiga kafi taratibu. Mbele yake mwanamume alikuwa amelazwa, amefunikwa tanga kuukuu mpaka kifuani, kichwa kimeegemea furushi la nyavu. Nilimsalimu. Hakuitika, na nilipoona wadudu wakitembea juu ya macho yake wazi nikajua.

"Mpe yeye kwanza," mwanamke akasema nilipomshushia kikombe cha maji.

Nilimtazama nahodha. Akatikisa kichwa kidogo: usibishane. Mwanamke akachukua kikombe, akalowesha midomo ya yule mwanamume kwa ncha ya khanga, akamwambia kwa Kijita maneno ambayo sikuyajua. Ndipo akanywa yeye.

Tulielezwa vipande vipande. Walikuwa kambini, kisiwa kimojawapo cha uvuvi. Mumewe alishikwa na homa, na dawa haikuwepo. Samaki walipoanza kufa ufukweni alfajiri, wenzao walisema ziwa limetiwa sumu, wakaingia mitumbwini wakakimbia, wakaacha hata sufuria motoni. Yeye alibaki kwa sababu mumewe hakuweza kuinuka.

"Nikamwambia, basi twende nyumbani," alisema. "Akasema twende. Akaingia mtumbwini mwenyewe kwa miguu yake."

"Alinyamaza saa ngapi, mama?" Dokta akauliza kwa upole.

"Hajanyamaza. Amechoka."

Nahodha alijua kijiji chao, kilikuwa ng'ambo ya rasi kutoka kwao. Tuliufunga mtumbwi nyuma ya mashua, tukampandisha mwanamke. Mumewe, mwanamke alikataa tumpandishe. "Yeye hapendi vyombo vya watu," akasema. Basi alibaki kule mtumbwini, nasi tukatandaza turubai juu yake kumkinga jua, na siku nzima tukawa tumekaa pale, upepo hakuna, mtumbwi ukigusa mashua kila mara kwa kishindo kidogo kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Nilipika ugali. Mboga tuliyokuwa nayo ilikuwa maharage, namshukuru Mungu, maana samaki nisingeweza. Mwanamke aliniomba sahani mbili. Nikampa. Moja aliila, nyingine aliishusha kwa kamba mpaka mtumbwini na kuiacha huko. Dokta aligeuka akatazama upande mwingine. Nilimwona akijifuta uso na sikujua kama ni jasho.

Mchana ulipokuwa umekwenda, mwanamke alijilaza kwenye mbao karibu na mlingoti, akalala. Nilikaa naye. Nataka niseme hili wazi, kwa sababu ya yaliyofuata: nilikuwa nimekaa naye, mgongo wangu umeegemea mlingoti, na sikusinzia. Alilala usingizi ambao sikupata kuuona kwa mtu. Nilimsogezea kivuli, nikaugusa mkono wake, ukawa wa baridi kama chupa iliyotolewa mtungini. Nikamwita, hakuamka. Nikamwita Dokta, naye akamshika mshipa wa mkono kwa muda mrefu.

"Yu hai," akasema. "Lakini yuko mbali sana."

Alilala hivyo mpaka jua lilipokaribia maji. Halafu akafumbua macho ghafla, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia jirani, "Wameshaanza kuchimba?"

"Kina nani, dada?"

Alifunga khanga yake vizuri, akatazama mtumbwi, na hapo kwa mara ya kwanza akalia. Alilia kama wajane wote wanavyolia, na ingawa ilisikitisha, mimi nilipata nafuu.

Giza lilipoingia upepo ukarudi. Nahodha aliomba dua fupi, akapandisha tanga kubwa, tukaondoka polepole tukivuta mtumbwi kati ya samaki wale, mpaka tukafika kwenye maji yanayonukia maji.

Tulifika kijijini asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio vya kushtuka, watu wanaokimbilia ufukweni wakiuliza kuna nini. Hawakukimbia. Walikuwa wamesimama wanatungoja. Wanawake walikuwa wameshajifunga khanga viunoni, moto wa msiba ulikuwa ukifuka mbele ya nyumba moja, na pembeni ya mihogo niliona udongo mwekundu, mbichi, umerundikwa. Kaburi lilikuwa tayari.

Nahodha alimsalimu mzee mmoja aliyekuwa kaka wa marehemu. "Poleni. Nani kawaletea habari? Wale wa kambini?"

"Wa kambini hawajafika mpaka sasa," mzee akasema. "Shemeji mwenyewe ndiye aliyetuambia. Alikuja jana jioni jioni."

"Shemeji yupi?"

Mzee akamnyooshea kidole mwanamke ambaye wakati huo nilikuwa nimemshika mkono, nikimsaidia kushuka majini. "Huyu. Alikuja, miguu imelowa. Akasema mume wangu amefariki, chimbeni, nakuja naye kesho. Akanywa maji pale ukutani. Tulipoingia kuchukua majembe tukatoka, hayupo. Tukasema amesharudi ziwani."

Dokta alisema lazima kuna makosa, labda ni ndugu yake anayefanana naye. Mzee alimtazama bila kukasirika. Akaita wake wawili wa nyumba ile, na kila mmoja kwa wakati wake akasema hivyo hivyo. Mmoja akaenda ndani, akaniletea kikombe cha bati kilichonywewa, akanipa nikishike, kana kwamba kingetoa ushahidi.

Tulizika. Nahodha aliongoza wimbo. Mjane alisimama kati ya wanawake, akafanya yote yanayotakiwa, na nilipokwenda kumuaga alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya mgeni.

Tukarudi ghubani. Dokta alipima maji wiki nzima, na samaki waliokufa wakazama au wakaoza. Hakuwahi kulizungumzia suala lile, isipokuwa mara moja tukiwa tumetia nanga, tunakula. Aliweka kijiko chini akaniuliza, "Wewe ulikuwa macho kweli?" Nikamwambia nilikuwa macho. Akasema, "Hata mimi nilimshika mkono," akaendelea kula.

Baadaye mambo yalibadilika upesi. Ikawa ruksa: maduka yakajaa, dizeli ikarudi, viwanda vya minofu vikaja Musoma na malori ya barafu yakapishana barabarani usiku kucha. Sangara akawa dhahabu, na hakukuwa na aliyetaka kusikia habari za furu. Dokta alihamishwa pwani. Nahodha alistaafu akafuga mbuzi. Mashua ilipewa injini, injini ikaipasua mkuku, ule mti wa uti wa mgongo wake, ikavutwa nchi kavu, na watu wa gati wakaibomoa kidogo kidogo kwa kuni. Mimi nilirudi Bunda nikafungua duka la vitambaa Manyamanyama.

Siku moja ya mnada nilimwona yule mjane. Alikuwa amekaa juu ya balo la mitumba, amenenepa, ana kicheko, akiwashikia wateja makoti ya baridi katika jua lile. Nilimjua mara moja. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikamkumbusha ile mashua, wingu la wadudu, sahani mbili za ugali.

Alinisikiliza kwa adabu. "Pole dada, umenifananisha," akasema.

"Mumeo hakufia ziwani? Mwaka ule samaki walipokufa?"

Hapo uso wake ukabadilika. Akaliweka koti chini. "Alifia ziwani, ndiyo. Nani kakuambia?"

"Tulikubeba sisi. Ulilala karibu na mlingoti."

"Hapana," akasema taratibu. "Mimi mashua sikupandaga hata siku moja. Mimi nilitembea. Nilishuka mtumbwini nikatembea mpaka nyumbani, maji yalikuwa hapa," akaonyesha vifundoni. "Nikawaambia wachimbe. Nikanywa maji, nikarudi kumchukua mume wangu. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, na kaburini. Katikati sina kitu."

Katika ghuba ile, pale tulipomkuta, Dokta alishusha kamba ya kipimo ikaisha kabla ya kugusa chini.

Sikumwambia. Mteja alikuwa amefika, anaulizia koti la mtoto, na mjane alikuwa tayari anakung'uta moja la bluu na kulipima kwa macho dhidi ya mabega ya mtoto mwenyewe. Nilimsaidia kufunga vifungo.